Mfalme mzima anaogopa tunda? Naomba kueleweshwa hii ishu ya peasi ya Louis-Philippe

MkaaNaKaratasi

Wakuu habari za muda huu. Niko kwenye kozi ya uchoraji, tumeambiwa kila mtu achague picha moja ya kejeli ya Ufaransa ya karne ya 19 aje aizungumzie mbele ya wenzake dakika kumi na tano, sasa mimi nikaangukia ile karatasi maarufu ya vichwa vinne, Les Poires, yaani Mapeasi, ya gazeti la Le Charivari mwaka 1834.

Kwa ambao hamjaiona, kichwa cha kwanza ni mfalme Louis-Philippe bila ubishi, mashavu manene yameshuka, ndevu za pembeni, kishungi cha nywele kimesimama juu utadhani kimepakwa gundi. Cha pili mashavu yanazidi kuporomoka na paji linabanwa. Cha tatu macho na mdomo ni mikunjo tu. Cha nne ni peasi, tunda, lina kikonyo na majani, ila ukilitazama kwa muda unaona bado linakununia.

Nimecheka, sawa. Lakini nikisoma naambiwa watu walifungwa kwa ajili ya hii kitu, na juu ya karatasi yenyewe imeandikwa inauzwa ili kulipa faini ya faranga 6,000. Ndo hapo ninapokwama, peasi ina nini? Mfalme ana jeshi, ana polisi, ana hazina, anahangaika na tunda? Na pili, je ni yule mchoraji Daumier ndo aliigundua? Kila mahali naona jina lake tu. Karibuni wajuzi.

kibao_cha_nyuma

Naweka kiti hapa, wajuzi wanakuja.

SheriaMkononi

Mleta mada umechagua vizuri. Naanza na swali la pili maana ni jepesi: hapana, wazo sio la Daumier, ni la Charles Philipon, mwenye magazeti. Daumier aliichora peasi mara nyingi mno ndo maana watu wanachanganya, na hiyo karatasi ya 1834 wengi wanasema mkono ni wake, lakini mwenye fumbo ni Philipon, na alilitoa akiwa kizimbani, sio ofisini kwake.

Rudi nyuma kidogo. Julai 1830 watu wa Paris wanapigana siku tatu mitaani, Charles X anakimbia, anaingia Louis-Philippe, anajiita mfalme wa Wafaransa sio mfalme wa Ufaransa, anatembea na mwavuli kama karani, kila mtu anaona mambo yamekuwa mapya. Na katiba yao mpya ibara ya 7 ikaandika kabisa kwamba udhibiti wa kuchapisha hautarudishwa kamwe. Kamwe! Novemba mwaka huohuo Philipon akafungua gazeti la wiki, La Caricature, kwa kuiamini hiyo kamwe.

Mwaka mmoja tu baadaye yuko mahakamani. Kosa lenyewe halikuwa peasi, hapa ndo wengi wanateleza, ilikuwa ni picha iliyomwonyesha mfalme kama fundi mwashi anapiga lipu ukutani, anafukia maandishi ya ahadi za Julai. Novemba 1831 kesi ikasikilizwa mbele ya jopo la raia, na hoja ya mwendesha mashtaka ilikuwa rahisi, kwamba yule mwashi amefanana na mfalme kwa hiyo ametukanwa mfalme. Philipon akaomba karatasi. Akachora palepale. Akawaambia kwa maana hii: huyu wa kwanza amefanana na mfalme, haya nifungeni. Lakini huyu wa pili amefanana na wa kwanza, kwa hiyo na yeye mnifunge. Wa tatu amefanana na wa pili. Na mkiwa watu wa msimamo basi hamwezi kuiachia huru hii peasi, maana imefanana na wote waliotangulia. Sasa kama kila tunda na kila mkate ukitokea bahati mbaya ukafanana na kile kichwa mtu anakula kifungo, hebu niambieni huo uhuru wa kuchapisha uko wapi.

Walicheka mahakama nzima. Kisha wakampa miezi sita na faranga 2,000 😂

Ila umeona alichofanya? Kabla ya siku ile peasi ilikuwa tunda. Baada ya siku ile mwanasheria wa serikali akitaka kuishtaki peasi lazima asimame yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, aseme mbele ya watu "hii peasi ni Mtukufu Mfalme". Yaani ili uishtaki inabidi kwanza uitukane wewe. Mimi niko kwenye mambo ya sheria miaka sasa na sijaona mtego mtamu kama ule.

kibao_cha_nyuma

Daah. "ili uishtaki inabidi kwanza uitukane wewe". Naondoka na hiyo.

Jiwe_la_Chokaa

SheriaMkononi kaeleza ya mahakamani vizuri lakini mimi naomba niwatoe mahakamani niwapeleke dirishani, maana naona swali la mleta mada jibu lake liko huko. Peasi isingemtisha mtu kama ingekaa kwenye gazeti.

La Caricature ilikuwa kama faranga 52 kwa mwaka, kibarua wa Paris alikuwa anapata faranga mbili tatu kwa siku, nani atanunua? Wanaonunua ni mawakili, madaktari, watu wenye nafasi zao. Lakini Philipon na shemeji yake Aubert walikuwa na duka la picha kwenye ule ujia wa maduka uliofunikwa kioo juu, Galerie Véro-Dodat, jirani na Palais-Royal, na kila chapa mpya inabandikwa dirishani. Bure. Hapo ndo anakuja mbeba maji, fundi viatu, mtoto wa kutumwa, mwanajeshi yuko likizo, hajui kusoma hata herufi moja lakini peasi anaijua. Kuna chapa ya mchoraji Traviès ya Desemba 1831 inaonyesha watu wamejazana mbele ya dirisha hilohilo wanashangaa picha, na mmoja anasema ukweli serikali hii ina kichwa cha kuchekesha sana. Itafute hiyo, ukiiweka kando ya Les Poires mada yako itapata miguu.

Halafu peasi yenyewe angalia ilivyo rahisi kuchora. Mistari miwili imepinda na kikonyo. Mtoto anaweza, na watoto waliweza, kuta za Paris zilijaa mapeasi ya mkaa na chaki. Ungemchora mfalme kama simba au kama nguruwe, mpaka uwe na mkono wa fundi. Peasi haihitaji fundi. Na kwa Kifaransa cha mtaani poire ni mtu bwege, wa kuingizwa mjini, kwa hiyo tusi linajitafsiri lenyewe bila mtu kulitamka.

Naongezea ya ufundi kidogo kwa sababu ndo kazi yangu na nikianza huwa sinyamazi. Hizi picha nyingi ni litografia, chapa ya jiwe. Mbavaria mmoja, Senefelder, ndo aliibuni miaka ya 1790 mwishoni. Unachukua bamba la chokaa, zuri kuliko yote linatoka Solnhofen huko Bavaria, unalisugua na mchanga na maji, jiwe juu ya jiwe, kwa kuzungusha kama namba nane mpaka mkono ufe ganzi. Siku ya kwanza nimefundishwa nilisugua karibu siku nzima nikajiona nimemaliza, mwalimu akapitisha kidole tu akasema rudia, kuna mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja ambao hata jicho halioni, lakini ukishapaka wino unatokea kama ufa kwenye uso wa mtu. Likishakuwa laini unachora juu yake na kalamu ya mafuta, kinyumenyume, kushoto kuwe kulia. Kisha unapaka utomvu wa mgunga, ile gamu arabiki, imechanganywa na tone la asidi. Unalowesha jiwe, maji yanakaa pasipochorwa, unapitisha rola la wino, wino unashika penye mafuta tu. Mafuta na maji hayapatani, siri yote ni hiyo.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu kabla ya hapo picha ya kuchapa ilikuwa ichongwe kwenye shaba au mbao, siku na siku, na mara nyingi anayechonga sio aliyechora. Kwenye jiwe Daumier anasikia jambo bungeni leo, anachora usiku, chapa inatoka, na ule mkwaruzo wa kalamu unaouona ni mkono wake mwenyewe. Philipon alipofungua Le Charivari Desemba 1832 ilikuwa gazeti la kila siku. Kila siku picha mpya! Polisi wanakusanya ya jana, ya leo iko dirishani tayari.



MkaaNaKaratasi

Mkuu Jiwe nimekuelewa vizuri mno, hiyo ya dirisha sikuwa naijua kabisa. Sasa hizo faranga 6,000?

SheriaMkononi

Hizo ni faini za Le Charivari yenyewe, sio zile za 1831. Serikali ilishaona kuwafunga kunawapa umaarufu ikaanza kuwapiga mfukoni, kesi juu ya kesi. Philipon naye akageuza faini kuwa biashara, kila wakimtoza anachapa kitu anauza kulipia. Januari 1834 karatasi yako ikatoka na maelezo juu kwamba ni ya kulipa faini. Yaani anachapa tena kosa lilelile ili alipe gharama za makosa.

Na Februari 1834 walilazimishwa kuchapisha hukumu ukurasa wa mbele, neno kwa neno kama mahakama ilivyosema. Wakachapisha. Neno kwa neno kweli. Ila mpangaji wa herufi akazipanga zile sentensi za hukumu juu mistari mifupi, chini mirefu, katikati imetanuka, ukiusogeza ukurasa mbali na macho unaona peasi. Sasa washtaki nini, hukumu yao wenyewe?

Mzee wa Busara

Mimi nitakuwa mbaya hapa lakini acha niseme. Mnaikuza. Ni matusi ya sura ya mtu tu mmeyavika joho la sanaa. Louis-Philippe hakuwa dikteta wa kutisha, kulinganisha na waliomtangulia alikuwa mpole, na kunenepa mashavu sio kosa la jinai. Leo mtu akikejeliwa mwili wake tunasema ni vibaya, wa 1831 tunasema ni shujaa wa uhuru. Halafu yule Daumier na ile picha ya mfalme amekaa chooni, jamani, hiyo nayo sanaa?

SheriaMkononi

Mzee hoja yako ina uzito nusu. Ila kumbuka hakuna mtu aliyeshtakiwa kwa sababu ya mashavu. Kuna chapa ya Philipon ya Juni 1832, peasi kubwa kama jengo imewekwa juu ya nguzo katikati ya uwanja wa Concorde, palepale Louis XVI alipokatwa kichwa. Mwendesha mashtaka akasema huu ni uchochezi wa kuua mfalme. Unajua Philipon alijibu nini? Kwamba labda, kwa kuzidisha sana, ni uchochezi wa kutengeneza jamu.

kibao_cha_nyuma

JAMU 😂😂 huyu mtu aliumbwa

BintiWino

Mzee wa Busara, hiyo ya chooni inaitwa Gargantua, Desemba 1831, na nakuomba uirudie kuitazama tena taratibu, maana choo ndo kitu cha mwisho kukiona ukiifuatilia kama Daumier alivyotaka. Anza kona ya chini kulia. Kuna mama na mtoto mchanga, kuna mlemavu, watu wenye matambara, wanatia sarafu zao kwenye vikapu. Vikapu vinabebwa na vijitu vidogo vinapanda ubao mrefu, ubao unaishia mdomoni mwa jitu, yaani mfalme, mdomo uko wazi. Kichwa ni peasi. Sasa shuka na tumbo mpaka chini ya kiti. Zinazotoka huko sio uchafu, ni karatasi, vyeo na nishani na hati za uteuzi, na waheshimiwa wamejikusanya wanadaka, na nyuma yao jengo la bunge. Ni mchoro wa bajeti huo! Wakati ule walikuwa wanajadili mfalme alipwe kiasi gani kwa mwaka, zilitajwa milioni 18 na mwishoni bunge likapitisha faranga milioni 12. Daumier alikuwa na miaka 23. Akapewa miezi sita na faini ya faranga 500, kifungo kikaahirishwa, lakini hakuacha, kwa hiyo Agosti 1832 wakaja kumchukua kwenda gereza la Sainte-Pélagie.

Mtoto wa fundi vioo kutoka Marseille. Kwao walikuwa hawana uwezo wa kulipa mchoraji wa picha za heshima, sasa bunge zima likachorwa naye bure.

Mimi niliwahi kuviona vile vichwa vyake vya udongo pale makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris, viko 36, wabunge na watu wa serikali, Philipon ndo alimwagiza. Nilidhani vitakuwa vikubwa. Ni vidogo, ukipewa unaweza kukishika kwa mkono mmoja, udongo mbichi haukuchomwa, umepakwa rangi, vingine vina nyufa. Mmoja hana meno na anacheka. Mwingine amefumba macho kama anasikiliza hotuba baada ya kula. Nilisimama pale mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Unaona dole gumba lilipopita chini ya pua. Sio kwamba alikuwa akiwachukia, ndo kilichonishangaza, alikuwa akiwajua.

Na wewe mleta mada nikushauri. Peasi ni nzuri ya kuchekesha darasa lakini kama una dakika kumi na tano chukua Rue Transnonain.

MkaaNaKaratasi

Dada hiyo nimeiona jina tu. Nieleze kidogo, ina uhusiano na peasi?

BintiWino

Ina uhusiano kwa sababu haina peasi. Haina utani hata mmoja.

Aprili 1834 kulikuwa na ghasia, zilianza Lyon kwa wafumaji hariri zikafika Paris. Mtaa wa Transnonain askari wakadai wamepigwa risasi kutoka nyumba namba 12, wakaingia alfajiri, wakapanda ngazi, wakaua waliowakuta, watu 12, wengi wametoka kitandani. Daumier akachora chumba kimoja tu, baada ya kila mtu kuondoka.

Katikati kuna mwanamume ana shati la kulalia na kofia ya kulalia, ameanguka ameegemea kitanda, shuka zimevutika naye, miguu mitupu inakuelekea wewe mtazamaji. Unaanza kumhurumia yeye. Kisha jicho linashuka unaona chini yake kuna mtoto mdogo, amemwangukia mwanawe. Kulia pembeni kabisa kichwa cha mzee, mwili umekatwa na ukingo wa picha. Kushoto gizani mwanamke. Kiti kimepinduka. Mwanga unaangukia lile shati jeupe tu, na mwanga wenyewe ni wa asubuhi ya kawaida. Chini hakuna utani, kuna jina la mtaa na tarehe, 15 Aprili 1834. Basi.

Haikutoka kwenye gazeti, ilitoka kwenye ule mchango wa kila mwezi Philipon aliouanzisha kusaidia kulipa faini, mchangiaji anapewa chapa kubwa, na hii ilikuwa ya 24 na ya mwisho. Polisi wakapita wakakusanya nakala, na jiwe lenyewe likachukuliwa. Zilizobaki leo ni chache. Mshairi Baudelaire baadaye akasema hiyo sio karikatura hasa, ni historia. Mtaa wenyewe haupo tena, ulimezwa na Rue Beaubourg.

Jiwe_la_Chokaa

Hiyo chapa mimi siwezi kuizungumzia bila kurudi kwenye kalamu. Nyeusi ya pale gizani kushoto haikupakwa, imejengwa, mkwaruzo juu ya mkwaruzo. Na nyeupe ya shati ni karatasi tupu, hajaigusa. Kitu cheupe kuliko vyote mle chumbani ni mahali ambapo mkono wake haukupita.

Mzee wa Busara

Nimeitafuta nikaitazama. Sawa. Hiyo naondoa maneno yangu. Ya chooni bado.

nje_ya_mstari

Nyie mnamsifia Daumier mpaka naogopa kuandika, ila mada isiwe ya upande mmoja. Julai 1835 mtu mmoja, Fieschi, akamtegea mfalme mtambo wa mitutu 25 ya bunduki, mfalme akapona, wakafa watu 18. Septemba 1835 serikali ikapata kisingizio, sheria ikapita: maandishi yasihitaji kibali, picha zote zipate kibali kabla. Ile kamwe ya katiba wakaipitia pembeni, wakasema ibara ya 7 inalinda maoni, na picha sio maoni, picha ni kitendo, inaongea na macho. La Caricature ikafungwa hata kabla sheria haijapita. Huoni kwamba hapo serikali yenyewe inakujibu swali lako mleta mada? Maandishi waliyaachia kwa sababu anayesoma ana chake cha kupoteza. Picha inasomwa na asiye na kitu.

Sasa wakali wa siasa wakahamia kwenye jamii. Daumier akachora Robert Macaire, tapeli wa kila biashara, leo anauza hisa za kampuni hewa, kesho ni daktari, keshokutwa wakili, chapa 100, na maelezo ya chini akiandika Philipon. Hapo nampa maua yake, nikiitazama naona watu ninaowajua kabisa. Mawakili wake wa miaka ya 1840 pia ni moto, joho limepepea, machozi ya kulipiwa.

Lakini 1844 akatoa chapa 40 za Les Bas-bleus, kuhusu wanawake waandishi. Mke anaandika, mtoto kaangukia kwenye beseni la maji ya kuoga, mume kashika suruali haina kifungo. Halafu 1849 akawafuata wanawake waliokuwa wakidai haki baada ya mapinduzi ya 1848. Huyuhuyu aliyefungwa akipigania kusema! Kwa peasi alipiga juu, kwa hawa alipiga upande ambao hauna dirisha kama lile la kujibu. Mseme nayo.

BintiWino

Umesema kweli na inaniuma kwa sababu zile za Bas-bleus zimechorwa vizuri.

SheriaMkononi

@nje_ya_mstari kwenye sheria uko sahihi, na mchezo ule uliendelea nusu karne: udhibiti wa picha ukaondolewa 1848, ukarudi 1852, ukaondolewa 1870, ukarudi 1871, mpaka sheria ya Julai 1881 ndo ukaisha. Chini ya Kaizari Napoleon III ilifika mahali ukitaka kumchora mtu kichwa kikubwa kwenye gazeti lazima yeye mwenyewe akupe ruhusa kwa maandishi. Mchoraji André Gill alikuwa anazichapa hizo ruhusa kando ya picha, na mwandiko wa mhusika, mpaka ikawa sehemu ya utani. Novemba 1867 akamchora Rocambole, jambazi wa hadithi za magazetini, nusu bwana mtanashati nusu mhuni, na kila mtu akaona ni Kaizari. Gazeti lilikuwa linaitwa La Lune, Mwezi. Likafungwa. Wakafungua lingine wakaliita L'Éclipse.

kibao_cha_nyuma

Mwezi umepatwa!! Hawa watu walikuwa hawalali.

Jiwe_la_Chokaa

Kitu kimoja mleta mada, ukipata nakala halisi ya Le Charivari ya miaka ile igeuze nyuma. Litografia na maandishi ya gazeti havikuchapwa kwa mashine moja, jiwe lina mashine yake, herufi zina yake, kwa hiyo nyuma ya picha unakuta habari za michezo ya kuigiza na matangazo, na karatasi ni nyembamba, wino umepenya. Mimi ninayo moja nilinunua ikiwa ndani ya fremu, muuzaji akanihakikishia ni chapa safi ya wakusanyaji, zile za karatasi nzito zisizo na maandishi nyuma. Nimefika nyumbani nikaishika mbele ya taa, wakili wa Daumier ana mistari ya tangazo kinyumenyume imepita kwenye paji la uso. Nilikasirika siku mbili. Sasa ndo naipenda hivyohivyo, maana hiyo ilikuwa gazeti kweli, mtu aliisoma akiwa anakunywa kahawa.

Mzee wa Busara

Naombeni na mimi nichangie kitu kizuri nisionekane mkorofi. Mwandishi Victor Hugo anasimulia kwamba jioni moja Louis-Philippe alikuwa anarudi kwa miguu akamkuta mtoto mdogo kwenye lango la Neuilly anajinyoosha kwa vidole vya miguu anachora peasi kubwa, hafiki juu. Mfalme akaichukua kazi, akammalizia. Kisha akampa sarafu ya dhahabu yenye sura yake, akamwambia peasi iko hapo pia.

Kama ni kweli au Hugo kaipamba, mnisamehe, ila huyo ndo mfalme niliyekuwa namtetea.

SheriaMkononi

Mzee umerudi kwa kishindo 😂 ila yule mtoto alipewa dhahabu, Philipon miezi sita.

MkaaNaKaratasi

Jamani asanteni, nilikuja na swali moja naondoka na daftari limejaa. Nimeamua hivi: naanza na Les Poires dakika tano, nitamwita mwenzangu mmoja mbele achore peasi ubaoni ili waone inachukua sekunde ngapi, kisha nazima kelele naweka Rue Transnonain bila kusema neno kwa muda. Bas-bleus naiweka mwishoni, najua kuna watu watanivaa lakini itakuwa sawa.

Mkuu Jiwe, ile ya kwako yenye tangazo kwenye paji la uso, ukiweza kuipiga picha ikiwa mbele ya taa naomba unirushie, ndo nataka kufungulia slaidi. Mada ni Alhamisi.

Jiwe_la_Chokaa

Nitaitoa kwenye fremu usiku huu. Misumari ya nyuma imeshika kutu kidogo, nikiichana nakudai.